Mashauri ya Nyumbani: Radi Haizuiliwi, Huonyeshwa Njia

Katika Kiswahili neno umeme lina kazi mbili. Ni ule mwanga umulikao mawinguni kabla ya ngurumo, tena ni ile nguvu ipitayo katika waya na kuwasha taa. Watu wa Kenya hupenda kuiita hii ya pili stima, jina lililotokana na mitambo ya mvuke ya zamani. Lakini neno umeme ndilo lenye elimu ndani yake, maana vitu hivyo viwili ni kitu kimoja. Tofauti ni hii tu, ya kuwa mmoja umefugwa na mwingine ni wa mwituni. Mwenye nyumba aliyeuleta ule wa kufugwa nyumbani kwake hana budi kujua kwamba waya ule ule uletao nuru waweza pia kumwingizia yule wa mwituni mpaka chumbani.

Jambo hili lawahusu watu wote, lakini lawahusu zaidi wakaao magharibi mwa Kenya, kutoka Kisii na Kericho mpaka Nandi na Kakamega. Huko asubuhi huwa safi na jua la adhuhuri huwa kali. Upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Victoria ukapanda kuelekea milimani, ukakutana na upepo utokao mashariki, na ifikapo saa tisa au saa kumi alasiri mawingu meusi yamekwisha kusimama kama minara. Usiku mambo hugeuka, dhoruba zikahamia juu ya ziwa lenyewe, na wavuvi ndio wazionao. Wataalamu waliohesabu miali ya radi kwa vyombo vilivyorushwa juu ya dunia wamekuta ya kuwa nchi zilizo kando ya ziwa hilo, pamoja na mashariki ya Kongo, ni miongoni mwa mahali papigwapo na radi mara nyingi kupita kwingi ulimwenguni.

Hasara yake si hadithi. Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao mmoja. Tarehe 10 Machi 2018, katika wilaya ya Nyaruguru nchini Rwanda, watu wasiopungua 15 walikufa wakiwa kanisani. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini ya Uganda, watu 14 walikufa walipokuwa wamekusanyika kwa ibada. Yafaa kila mtu ayatazame matukio hayo matatu kwa makini. Waliokufa hawakuwa wachungaji waliokutwa nyikani, wala watu waliojificha chini ya mti. Walikuwa katika majengo, au chini ya paa. Basi neno la kwanza la kujifunza ni kwamba paa peke yake si kinga.

RADI NI KITU GANI

Ndani ya wingu kubwa la mvua, chembe za barafu na matone ya maji hupanda na kushuka kwa nguvu ya upepo na kugongana. Kugongana huko hutenga umeme wa aina mbili, mmoja ukakaa juu ya wingu na mwingine chini yake. Umeme ule wa chini ukizidi kiasi, hutafuta njia ya kwenda ardhini. Unapoipata, hupita kwa ghafula. Mpito mmoja wa kawaida huwa na nguvu ya ampea kama 30,000, ilhali birika la umeme la kuchemshia chai hutumia ampea kama 10 tu. Hewa iliyo katika njia hiyo hupata moto kupita uso wa jua mara kadha wa kadha, ikatanuka kwa mshindo. Mshindo huo ndio ngurumo.

Katika maelezo hayo yote, neno la kushika ni moja: radi hutafuta njia ya kwenda ardhini. Haimtafuti mtu, wala haina hasira na mji fulani. Hupenda kitu kirefu, kwa kuwa ki karibu zaidi na wingu, na hupita kwa wepesi katika chuma, shaba na kila kitu chenye maji ndani yake. Mti una maji, na ndiyo sababu gome lake hupasuka radi ipitapo: maji yale hugeuka mvuke mara moja yakaupasua. Mwili wa mtu nao una maji mengi, na kwa bahati mbaya huwa njia nzuri kuliko ukuta wa udongo mkavu au nguzo ya mbao.

Radi huingia nyumbani kwa njia nne. Ya kwanza ni kupiga paa lenyewe. Ya pili ni kupiga kitu kirefu kilicho karibu, kama mkaratusi au mlingoti wa antena, kisha ikaruka kutoka hapo mpaka nyumbani au mpaka kwa mtu aliye karibu. Ya tatu ni kupita chini ya ardhi. Radi ikipiga mahali, nguvu yake husambaa udongoni, na kiumbe aliyetanua miguu hupokea nguvu hiyo kwa mguu mmoja na kuitoa kwa mwingine. Ndiyo sababu ng'ombe hufa wengi kwa mara moja, kwa kuwa miguu yao ya mbele i mbali na ya nyuma. Ya nne ni kufuata waya, na hiyo ndiyo iliyozidi tangu stima ilipoanza kufika vijijini, hasa baada ya mpango wa kuunganisha nyumba za mashambani ulioanza mwaka 2015. Radi yaweza kupiga nguzo iliyo mbali sana na nyumba, na bado televisheni ikaungua, kwa kuwa waya umeipeleka huko.

HOFU NA FITINA

Hakuna taifa ambalo halijaiogopa radi na kuitafutia dawa zisizofaa. Huko Ulaya, kwa mamia ya miaka, watu walipanda katika minara ya makanisa wakati wa dhoruba na kupiga kengele ili kuifukuza. Kitabu kilichochapishwa mjini Munich mwaka 1784 kilihesabu kwamba katika muda wa miaka 33 minara 386 ilikuwa imepigwa, na wapiga kengele 103 wamekufa. Haikuwa ajabu. Mnara ndio kitu kirefu kupita vyote mjini, kengele ni ya chuma, na mpigaji ameshika kamba iliyolowa mvua. Walidhani wanaifukuza radi, kumbe walikuwa wameshika njia yake kwa mikono.

Katika Afrika Mashariki nako ziko imani za namna hiyo. Watu hufunika vioo, huvua nguo nyekundu, au husema kwamba mahali palipopigwa mara moja hapatapigwa tena. Kufunika kioo hakudhuru, lakini hakusaidii, na rangi ya nguo si neno kwa radi. Lile la kupigwa mara moja ni la hatari, kwa sababu huwapa watu usalama wa uongo. Katika nchi ya Marekani alikuwako mlinzi mmoja wa hifadhi ya msitu, jina lake Roy Sullivan, ambaye alipigwa na radi mara 7 kati ya mwaka 1942 na 1977. Mahali palipopigwa jana pamebaki parefu vile vile leo.

Imani mbaya kuliko zote ni ile isemayo kwamba radi hutumwa na mtu. Nyumba ikipigwa, macho hugeuzwa kwa jirani, au kwa mjane mzee, au kwa ndugu mwenye kesi ya mpaka wa shamba. Wametokea watu wasio na hatia waliofukuzwa makwao na hata kuuawa kwa sababu ya maneno kama hayo. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925, ilifanya kuwa kosa mtu kumsingizia mwenzake uchawi ovyo. Lakini hata bila sheria, mtu mwenye akili ajiulize: kama radi hutumwa na adui, mbona milima na miti mirefu ndiyo ipigwayo mara nyingi? Mwamba wa kilimani una adui gani? Mji uliofiwa wahitaji faraja na fundi, hauhitaji fitina. Na fedha zitolewazo kwa mganga ili awekee boma kinga ya siri zingeweza kununua waya wa shaba.

NYUMBA YA NYASI NA NYUMBA YA MABATI

Nyumba ya nyasi yenye kuta za udongo haina kitu chochote cha kuipeleka radi chini kwa salama. Ikipigwa, nguvu hushuka kwa kuruka, na mara nyingi hupitia miili ya waliomo, kisha nyasi hushika moto na mlango ni mmoja. Nyumba kubwa ya mawe yenye mabomba ya maji na nyaya ndani ya kuta ni salama zaidi, kwa kuwa radi hupata njia katika vyuma hivyo bila kuhitaji mtu.

Kuhusu mabati, watu husema kwamba huita radi. Si kweli. Bati haliiti radi kuliko nyasi. Kiitacho ni urefu wa nyumba na mahali ilipo. Bati laweza hata kuwa rafiki, kwa sababu hupokea nguvu ile na kuisambaza. Taabu ni kwamba katika nyumba nyingi bati limekaa juu ya mbao na kuta za udongo, na hakuna chuma kinachoshuka kutoka kwake hadi ardhini. Radi iliyofika juu ya bati hilo ni kama maji yaliyojaa katika mfereji usio na mdomo. Yatamwagika popote, na huenda yakamwagikia kichwani mwa aliyeketi chini yake.

Dawa yake ilijulikana tangu katikati ya karne ya 18, wakati Benjamin Franklin wa Marekani alipoonyesha ya kuwa radi ni umeme na kwamba fimbo ya chuma yaweza kuiongoza. Kinga ya radi ina sehemu tatu, na zote tatu ni lazima. Ya kwanza ni fimbo ya chuma juu ya paa ili kuipokea. Ya pili ni waya mnene wa shaba au utepe wa chuma unaoshuka nje ya ukuta kwa njia fupi iliyonyoka, usipindwe kwa ghafula, maana radi haipendi kona; ikikutana nayo huruka. Ya tatu ni vyuma vilivyopigwa ndani ya ardhi mpaka kwenye udongo wenye unyevu, ili nguvu ile imezwe. Nyumba huwekewa nyaya za kushukia zisizopungua mbili, katika pembe zinazoelekeana. Mafundi wa kazi hiyo hupima kwa chombo ili wajue kama ardhi inapokea vizuri, na kipimo kinachotakiwa hakizidi ohm 10.

Wako watu waliouziwa fimbo nzuri yenye ncha inayong'aa, ikasimamishwa juu ya paa, na waya wake ukaishia ukutani, au ukachimbiwa chini kwa kina cha mkono katika udongo mkavu. Fimbo ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa fimbo kabisa. Ni sawa na kumkaribisha mgeni mlangoni kisha kumfungia mlango wa kutokea.

WAYA AMBAO HAUONEKANI KAZI YAKE

Katika umeme wa kufugwa nako iko njia kama hiyo ya kushukia. Ni waya wa ardhi, ambao huwa wa rangi ya kijani, au kijani yenye mistari ya manjano, nao huanza katika tundu la tatu la kila soketi, ukafika kwenye sanduku la swichi kuu, kisha ukatoka nje mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Siku zote za amani waya huo haufanyi kazi yoyote ionekanayo, na kwa sababu hiyo ndio wa kwanza kukatwa katika bei.

Mfano wake ni kama huu. Mzee mmoja wa mashambani ataka kutiwa stima, naye aita mafundi wawili ili alinganishe gharama. Fundi wa kwanza, kijana mwepesi wa maneno, aandika bei ndogo.

“Mzee,” asema, “huu waya wa ardhi nimeuacha. Ni gharama ya bure. Taa zitawaka bila yake.”

Mzee afurahi, kwa maana ada za shule zamngoja. Kesho yake aja fundi wa pili, mtu mzima, na bei yake imezidi.

“Mwanangu,” mzee amwambia, “mwenzako ameniambia kuwa taa zitawaka bila huo waya wako.”

“Ni kweli, baba, zitawaka,” fundi ajibu. “Hata mlango usio na komeo hufungwa. Siku ya mwizi ndiyo utakapojua kama ulikuwa umefungwa.”

“Na huyo mwizi ni nani?”

“Ni umeme uliotoka katika njia yake. Friji ikiharibika ndani, umeme hukaa katika bati lake la nje. Pakiwa na waya wa ardhi, hushuka chini, na fyuzi ikakata. Pasipo waya huo, utangoja mtu wa kuushusha. Na mtu huyo ni mama wa nyumbani, au mjukuu wako mwenye miguu mitupu.”

Hakuna haja ya kueleza mzee alimchagua nani. Lakini katika kila kijiji ziko nyumba zilizomchagua fundi wa kwanza, na wenyewe hawajui. Mwenye nyumba na amwombe fundi mwenye kibali afungue sanduku na kumwonyesha waya huo, kisha atoke nje kuitazama fimbo ya shaba ingali pale, kwa kuwa wezi wa shaba ni wengi. Tena aukomeshe ule mtindo wa kuchomeka kijiti au kalamu katika tundu la tatu ili kuingiza plagi ya miguu miwili. Kuchokoa huko huyafungua matundu mengine mawili yenye umeme, ambayo yamewekewa kifuniko cha ndani makusudi kwa ajili ya watoto.

UMEME UKIZIDI KATIKA WAYA

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Vyombo vimetengenezwa kwa kiasi hicho. Kikizidi ghafula, hata kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, vitu vidogo vilivyo ndani ya televisheni, redio na friji huungua.

Si mara zote kuzidi huko hutoka mbinguni. Umeme ukikatika kisha ukarudi, vyombo vyote vya mtaa huanza kuvuta kwa wakati mmoja, na waya huyumba, mara juu mara chini. Tena uko waya wa kurudishia umeme ambao mafundi huuita nyutro. Waya huo ukikatika au kulegea kwenye nguzo zenye nyaya nyingi, nyumba moja yaweza kupata umeme haba na jirani yake akapata wa kukaribia volti 415. Dalili yake ni taa nyingine kung'aa kupita desturi na nyingine kufifia. Mtu aonapo hivyo, azime swichi kuu mara moja na kuwaarifu wenye nguzo, wala asipande mwenyewe.

Kwa taabu hizi kuna vifaa vya ulinzi, navyo ni vya namna mbili ambazo watu huzichanganya. Kimoja ni kile kiwekwacho kati ya soketi na friji; hiki hukata umeme unapozidi au kupungua, kikangoja dakika chache mpaka utulie ndipo kiruhusu tena. Ni kizuri kwa siku za kukatika-katika, lakini ni kizito wa mwendo na hakiiwezi radi. Kingine hufanywa kwa ajili ya mipigo ya ghafula. Chaweza kuwekwa katika sanduku la swichi kuu ili kulinda nyumba nzima, au katika soketi ndefu yenye matundu mengi. Kazi yake ni kuichukua ile nguvu iliyozidi na kuielekeza kwenye waya wa ardhi. Hapo mwenye akili amekwisha kuona jambo. Kama nyumba haina waya wa ardhi, kifaa hicho hakina mahali pa kuutupa ule umeme, na fedha iliyokinunua imepotea karibu yote. Tena kifaa hiki huchakaa kwa kila pigo. Vingi vina kijitaa kidogo cha kuonyesha kuwa kingali kizima; kikizimika, kifaa kibadilishwe.

Hata hivyo, hakuna kifaa cha dukani kiwezacho kuahidi usalama radi ipigapo karibu kabisa. Kinga iliyo bora ni ya bure, nayo ni kuchomoa plagi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Radi iliyoruka maelfu ya mita angani haitashindwa kuruka nafasi iliyo ndani ya swichi, ambayo si pana kuliko punje ya mchele. Fyuzi nayo haiwahi, kwa kuwa huhitaji muda wa kuyeyuka, na radi imekwisha kupita. Tena wengi huchomoa plagi ya televisheni wakausahau waya wa antena au wa dishi, ambao umetoka juu ya paa moja kwa moja. Hali kadhalika waya ushukao kutoka kwenye paneli za jua: fremu zake zafaa ziunganishwe na ardhi kama paa lenyewe.

MVUA INAPOKARIBIA

Kazi ya kuchomoa na ifanywe mapema, mawingu yangali mbali, wala si katikati ya dhoruba, maana wakati huo mwenye kushika plagi ameshika mwisho wa waya mrefu. Ili kujua umbali wa radi, mtu ahesabu sekunde toka aonapo mwanga mpaka asikiapo ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya 30, radi i karibu kiasi cha kuua, hata kama mvua haijaanza na jua bado lawaka. Watoto waitwe kutoka uwanjani, na ng'ombe waondolewe chini ya mti na kwenye ua wa waya. Watu wasitoke tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Ndani ya nyumba, watu wakae mbali na kuta, madirisha na nguzo zinazoshika paa. Wasisimame barazani wala mlangoni. Wasioge, wala wasioshe vyombo kwenye bomba, kwa kuwa bomba la chuma na maji yake hupitisha umeme. Simu ya mkononi haina hatari ikiwa haijachomekwa; iliyo katika chaji iachwe. Mtu aliye katika nyumba isiyo na kinga yoyote aketi juu ya kigoda, miguu pamoja, asiegemee kitu. Hilo si salama kamili, bali hupunguza hatari. Ikiwa karibu ipo gari yenye paa la chuma, humo ni pema zaidi, na kinachomlinda mtu ni bati linalomzunguka, si mpira wa magurudumu kama wengi wadhanivyo.

MTU AKIPIGWA

Hapa ndipo tofauti ya zile umeme mbili huwa tofauti ya kufa na kupona. Aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini. Ashikwe mara moja bila hofu. Lakini aliyenaswa na waya wa stima asiguswe mpaka swichi kuu imezimwa. Kama ni waya wa nguzo ulioanguka, watu wakae mbali mpaka wenye nguzo waukate.

Wengi wapigwao na radi hawafi papo hapo kama watu wadhanivyo. Mara nyingi pumzi husimama na moyo hutulia, na mtu huonekana maiti, ilhali yaweza kumrudisha. Ikiwa wamepigwa wengi, waonekanao wamekufa ndio washughulikiwe kwanza, kwa kuwa wanaolia na kujongea kwa kawaida wataishi. Alazwe chali, kifua kibonyezwe katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Na ajuaye kupuliza pumzi mdomoni apulize mara 2 kila baada ya mibonyezo 30. Mwingine akimbie kutafuta gari la kwenda hospitali. Kumfunika shuka na kuanza kilio kabla ya kujaribu ni kumzika mzima.

KIPI KITANGULIE

Si kila mwenye nyumba awezaye kufanya yote kwa mwezi mmoja. Basi utaratibu uwe huu. Kwanza ni mambo ya bure: kuchomoa plagi na antena, kuwafundisha watoto kuhesabu sekunde, na kukata matawi ya mti unaoegemea paa. Pili ni waya wa ardhi na fimbo yake, maana kila kinga nyingine hutegemea huo. Tatu ni kifaa cha kulinda swichi kuu. Nne ni kinga ya radi juu ya paa, hasa kwa nyumba iliyo kilimani au iliyo peke yake uwandani.

Kwa shule, makanisa, misikiti na masoko, ambako watu wengi hukusanyika chini ya paa moja, kinga ya radi isiwe ya nne bali ya kwanza. Kamati ikutanapo kuchanga fedha za madawati au za rangi ya ukuta, mzazi mmoja na ainuke aulize: radi ikifika juu ya bati hili, itashukia wapi? Shule ya Runyanya imekwisha kuwekewa kinga, lakini iliwekwa baada ya makaburi kuchimbwa. Jibu la swali hilo lazima liwe waya unaoonekana kwa macho, uliopimwa na fundi, unaoingia ardhini. Kama hakuna awezaye kuuonyesha, basi njia ni watoto. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, wala hawakusema baada yake.